Maman Védastine, Aliyesema "Niliona"

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Maman Védastine Niyitegeka anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili na miezi minane ya kazi katika kituo chetu cha Jicho Jema, hapa Gihundwe, Rwanda, karibu na mpaka wa Kongo. Aliajiriwa tarehe 3 Machi 2003 kutengeneza samli. Anaondoka akiwa msimamizi wa chumba cha tiba, mtu wa kwanza kuuliziwa na wagonjwa wanapofika na wa mwisho kuagwa wanapoondoka. Wiki nzima hii wamekuwa wakichungulia kwenye dirisha langu la mapokezi wakiuliza kama ni kweli. Ni kweli.

Kwa wageni watakaosoma kijitabu hiki siku ya sherehe, niseme kwanza tunafanya nini. Kituo chetu kinatumia Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, ambayo mkurugenzi wetu, Daktari Nzabonimana, aliisomea India kwa miaka saba. Tunahudumia watu wazima wenye macho makavu, macho yanayowaka kwa vumbi, na macho yaliyochoshwa na cherehani au simu. Hatufanyi upasuaji na haturudishi uoni uliopotea. Maneno hayo yamebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa. Aliyedai yabandikwe ni Maman Védastine, na sababu yake nitaieleza.

Alizaliwa Kadutu, Bukavu, mwaka 1962, wazazi wake wakiwa Wanyarwanda waliokimbilia Kongo. Alisoma huko, akaolewa huko, na kwa miaka mingi aliuza huko siagi na jibini zilizotoka Masisi. Aliporudi Rwanda mwaka 1995 na mumewe na watoto wanne, alipata meza katika soko la Kamembe na kuendelea na siagi yake. Ndipo Daktari Nzabonimana alipomkuta. Kituo kilikuwa na miezi miwili tu, na Daktari alikuwa akinunua siagi kila Jumatatu, nyingi kuliko anayohitaji mtu mwenye familia ndogo.

"Docteur, siagi yote hii unaenda kupika nini?" Maman Védastine alimuuliza siku moja.

"Sipiki, Maman. Naweka mu macho ya batu."

Anasema alicheka mpaka akashika meza. Kesho yake aliiacha meza kwa jirani, akapanda hadi Gihundwe ili amwone kwa macho yake mwenyewe mwendawazimu huyo. Alichokiona ni mwanamke aliyelala chali, jicho lake limezungushiwa unga uliokandwa kama ukuta mdogo, na ndani ya ukuta ule samli ya vuguvugu ikimiminwa taratibu, jicho likifunguka na kufumbika humo kwa utulivu. Alitazama hadi mwisho. Kisha akachovya kidole katika sufuria, akanusa, na kumwambia Daktari mbele ya mgonjwa kwamba samli yake imeungua. Wiki iliyofuata akaajiriwa.

Samli ya Maman Védastine ni kitu cha kusimuliwa. Huichemsha kwa moto mdogo hadi povu liishe na sauti ya kuchemka inyamaze, huichuja mara tatu kwa kitambaa kilichochemshwa, na chungu kikiguswa na mkono usiooshwa, chote humwagwa. Wauguzi wapya wamelia kwa sababu ya vyungu vilivyomwagwa. Nami pia niliwahi kumwagiwa kimoja, mwezi wangu wa kwanza kazini, kwa kosa la kufunua kifuniko ili ninuse tu.

Unga wa kuzungushia jicho ulikuwa taabu nyingine. Ule wa dengu nyeusi ulitoka India, na ulipoisha mwaka 2006 hatukuwa na mwingine. Maman Védastine alijaribu unga wa maharage, nao ukavuja. Akajaribu unga wa muhogo, ule wa kusongea bukari, yaani ugali, nao ukashika vizuri ajabu. Ulishika mno, kwa bahati mbaya ya pasta mmoja wa Nzahaha aliyekuwa amelala chini yake. Ulipobanduliwa uliondoka na nusu ya nyusi ya kushoto, siku ya Ijumaa, na Jumapili alitakiwa kuhubiri. Alirudi mwezi uliofuata na kusema kuwa waumini hawajawahi kumtazama kwa makini namna ile. Tangu hapo tunatumia unga wa ngano uliochanganywa na soya, na nyusi zote za wilaya ziko salama.

Lakini mwulize mgonjwa yeyote anachokumbuka kwake, na mara nyingi hatataja samli. Atataja maneno. Vitabu vya Daktari vinasema jicho ni makao ya moto mdogo wa mwili, na moto huo hudhuriwa na joto, hasira, kukesha na moshi. Maman Védastine aliyageuza hayo kuwa maneno ya sokoni. Wanaume wa machimbo ya Muganza aliwaambia wasisugue macho wakitoka zamu, bali wanawe mikono kwanza, kisha wajirushie usoni maji baridi yaliyo safi. Mafundi cherehani aliwaambia kila baada ya shati moja wanyanyue kichwa na kutazama milima ya ng'ambo, upande wa Bukavu, hadi wahesabu hamsini. Aliwaandikia watu mboga za lengalenga na sombe, yaani kisamvu, pamoja na papai kama daktari anavyoandika vidonge. Aliwafundisha kupaka nyayo mafuta kabla ya kulala. Alipigania jambo moja kuliko yote: mtu asijitilie jichoni asali, majani wala dawa yoyote ya kuchemsha nyumbani, hata kama jirani amepona nayo.

Hadi hapo ningeweza kujaza kurasa kumi, tukacheka pamoja na kupeana soda. Lakini nilipomwomba ruhusa ya kuandika wasifu huu, alisema: "Hugues, kama hauandike mambo ya Papa Delphin, usiandike kitu."

Kwa hiyo naandika.

Papa Delphin Munyaneza alikuwa dereva wa lori. Alibeba mifuko ya saruji kutoka Muganza hadi Kamembe, barabara ya kona na miteremko, mara mbili kwa siku. Alikuja kwetu mwaka 2010, akiwa na miaka arobaini na minane, macho mekundu kwa vumbi. Alipata siku saba za samli na akaondoka akiimba. Kuanzia hapo alirudi kila baada ya miezi mitatu au minne. Alikuwa mgonjwa tuliyempenda. Alileta ndizi, aliwataja watoto wetu kwa majina, na akiwa amelala na samli jichoni alitoa vichekesho ambavyo Maman Védastine alimkataza kwa sababu vilimtikisa mwili na kubomoa ukuta wa unga.

Mwezi wa nne mwaka 2013 aliingia kituoni na kugonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Nilikuwa dirishani pangu.

"Papa Delphin, mulango ilikukosea nini?" nikamtania.

"Ni nyinyi munasogezaka huu mulango kila siku!" akajibu huku akisugua bega, na chumba chote kikacheka.

Nilicheka kuliko wote. Maman Védastine hakucheka. Alipompa kikombe cha maji upande wa kushoto, mkono wa Papa Delphin haukunyanyuka. Akakisogeza taratibu mbele, hadi karibu na pua ya mgonjwa, ndipo huyo akakiona na kushukuru.

Alimweleza Daktari siku hiyo hiyo. Daktari alimsimamisha Papa Delphin mbele ya ubao wa herufi, naye akausoma hadi mstari wa chini bila kukosea. Mtu anayesoma mstari wa chini, Daktari alisema, haoni vibaya. Lakini Maman Védastine hakutulia. Alimfuata mgonjwa hadi nje, kwenye ngazi, na mimi niliwasikia kupitia dirisha.

"Papa Delphin, uende hôpital bakupime presha ya macho. Leo."

"Juu ya nini, Maman? Miye minaona muzuri. Kule bataniambia niache gari, na batoto banakula nini?"

"Wende tu bakuangalie."

"Mwezi wenye kuya. Kweli kabisa."

Maman Védastine akakubali: "Sawa. Mwezi wenye kuya."

Mwezi uliofuata Papa Delphin hakwenda, na mwezi wa sita alikuja kwetu, akalala, akamiminiwa samli, na hakuna aliyetaja hospitali. Alikuwa na furaha, na macho yake hayakuwa mekundu tena. Maman Védastine anasema alitaka kuuliza, maneno yakamfika mdomoni, lakini mgonjwa alikuwa akisimulia arusi ya binti yake na hakutaka kumharibia siku.

Mwezi wa nane, kwenye kona moja ya kushuka Muganza, kioo cha kushoto cha lori lake kilimgonga mtu aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli yenye ndizi. Mtu yule alivunjika mfupa wa bega, akapona. Papa Delphin aliapa mbele ya polisi kwamba barabarani hapakuwa na mtu, na alikuwa akisema alichokiona. Walimpeleka hospitali kupimwa. Ilikuwa glakoma, ile presha inayopanda ndani ya jicho bila kuuma, ikila kwanza pembeni na kuacha katikati hadi mwisho. Ndiyo maana alisoma ubao wetu wote. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha. Jicho la kulia lilibaki na tundu dogo la kuona, kama anayechungulia kupitia bomba. Kilichopotea hakirudi kwa dawa yoyote, ya hospitali au ya kwetu. Hakuendesha gari tena.

Mwezi wa tisa mkewe, Maman Béatrice, alipanda hadi kituoni. Wagonjwa sita walikuwa kwenye benchi. Hakuketi.

"Miaka tatu," alisema, "miaka tatu bwana yangu analala hapa na munamumwagia siagi mu macho. Hakuna hata muntu mumoja aliona kama hakuwa anaona pembeni?"

Daktari alitoka ofisini na kuanza kueleza kwamba ugonjwa huo hujificha, kwamba hata wataalamu wakubwa hukosea. Yalikuwa maneno ya kweli. Maman Védastine alitoka chumba cha tiba, mikono yake bado ina unga, akasimama mbele ya mama yule.

"Niliona," alisema. "Niliona mu mwezi wa ine. Nilimwambia mara moya, akakataa, na miye nikanyamaza."

Daktari alimshika mkono ili anyamaze. Aliutoa mkono wake polepole. "Niliona, Maman Béatrice," akarudia. "Sina lingine la kukuambia."

Maman Béatrice alimtazama, akageuka, akaondoka. Wawili kati ya wale waliokuwa kwenye benchi wakaondoka nyuma yake.

Jumatatu iliyofuata Maman Védastine alifika kazini kwa wakati, akafagia, akapanga vitambaa, na kukataa kumimina samli. Alimwambia Daktari kwamba hatagusa jicho la mtu yeyote aliyetimiza miaka arobaini mpaka mtu huyo alete karatasi ya hospitali yenye kipimo cha presha. Daktari alikasirika. Alisema wagonjwa watatukimbia, na ni kweli walianza kutukimbia. Alisema yeye ndiye mwenye kituo. Maman Védastine alikubali kwamba ni mwenye kituo, kisha akaendelea kufagia. Hali hiyo ilidumu wiki sita. Kila Jumatano alichukua ruhusa ya asubuhi, akatembea hadi hospitali, akakaa karibu na muuguzi wa macho aitwaye Gracia, mwenye nusu ya umri wake, na kujifunza kupima uoni wa pembeni kwa vidole viwili: mgonjwa anatazama pua ya mpimaji, naye anatikisa kidole upande, mbali, akikileta karibu taratibu hadi mgonjwa aseme amekiona.

Wiki ya saba Daktari alimwita. Alikuwa na kitabu chake kimoja cha zamani kimefunguliwa mezani. "Kinasema daktari achunguze kwanza, ndipo atibu," alimwambia. "Kimesema hivyo tangu nikiwa mwanafunzi." Kanuni ikaanza Januari 2014, na karatasi ikabandikwa mlangoni. Tangu wakati huo watu sitini na mmoja waliokuja kwetu wakitafuta samli wamepelekwa hospitali na kukutwa na presha ya macho ikiwa bado mapema. Wanatumia matone yao kila siku, na wanaendelea kuona. Hiyo ndiyo kazi kubwa aliyoifanya hapa, na ukimpongeza kwa hiyo, atakuuliza kwa nini haikuanza mwezi wa nne.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo wengi wetu hatukulijua. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba 2013 alikwenda Nzahaha, nyumbani kwa Papa Delphin. Papa Delphin hakutoka nje kumwona. Mwezi uliofuata alikwenda tena, na Maman Béatrice akamwacha amesimama uani kwenye mvua. Mara ya tatu ikawa vivyo hivyo. Mara ya nne, akiwa uani, aliwaona kupitia mlango wakihangaika na chupa ya matone: tone likianguka shavuni, la pili kwenye kope, la tatu sakafuni. Alisema kutoka pale alipokuwa: "Mufinye kidogo hapa, karibu na pua, tone ikishaingia." Maman Béatrice alibaki na chupa mkononi. Kisha akamwita aingie.

Amekwenda kila Jumamosi ya kwanza tangu hapo. Mwaka 2020, tulipofungiwa majumbani, alipiga simu badala yake. Mwaka alipofiwa na mumewe alikwenda pia, siku ya tisa baada ya mazishi. Tundu lile dogo la jicho la kulia halijapungua kwa miaka kumi na miwili. Papa Delphin anauona uso wa mjukuu akimweka mbele yake.

Mimi sikuwahi kwenda. Nilikuwa na sababu: nalala Bukavu, mpaka unafungwa mapema, Jumamosi nina watoto. Ukweli ni kwamba niliogopa atakumbuka kicheko changu. Mwezi uliopita Maman Védastine aliponitaka niandike mambo haya, nilichukua pikipiki hadi Nzahaha na kadi ya mwaliko wa sherehe hii. Papa Delphin alikuwa ameketi barazani. Nilijitambulisha, akageuza kichwa mpaka akanipata katikati ya jicho lake.

"Wa ku dirisha," alisema.

"Ndiyo, Papa. Nilikucheka siku ile ya mulango. Unisamehe."

"Hata miye nilicheka," akasema. "Ulikuwa haujue kitu. Yeye alijua."

Nilimuuliza kama amemsamehe. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele, alisimamisha mikono.

"Hapana," alisema Papa Delphin. "Namuambiaka hivyo yeye mwenyewe, kila mwaka. Anasema sawa. Kisha ananiangalia jicho na tunakunywa chai."

Alikataa kadi. Hatakuja leo, na tusimtazamie mlangoni. Lakini nilipokuwa nikiwasha pikipiki aliniita, akanipa ujumbe ambao nimeuandika mkononi nisije nikaubadilisha: "Umwambie, kituo ndiyo inamwacha. Miye simwachi. Jumamosi ya kwanza nitamungoja."

Daktari Nzabonimana alisoma rasimu hii kabla haijachapwa. Nilitegemea angefuta mengi. Alifuta maneno mawili tu. Pale nilipokuwa nimeandika kwamba Papa Delphin alipotelewa na macho kwa "bahati mbaya", aliyakata na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "uzembe wetu". Kisha nikaiondoa sentensi yote, kwa kuwa yaliyotokea yanajieleza.

Maman Védastine, kwa niaba ya wenzako wote, aksanti. Aksanti kwa vyungu ulivyotumwagia, kwa wiki sita za ufagio, na kwa watu sitini na mmoja. Tunajuta kwamba siku ile ulisimama peke yako mbele ya benchi, wakati tulioona tulikuwa zaidi ya mmoja. Sasa ulale hadi jua lipande. Wajukuu wakuchoshe. Uupumzishe mgongo ulioinama juu ya macho yetu miaka yote hii, siku zote za mwezi, isipokuwa ile moja unapongojwa Nzahaha.

Hugues Mirindi, mapokezi